Uno inaganda baada ya masaa machache? Hesabu baiti kabla hujanunua bodi nyingine

Mkuu uliyeuliza kutoka Sakina, nimesoma maelezo yako mara mbili. Una Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), kioo cha OLED cha nukta 128 kwa 64, moduli ya SIM800L ya kutuma SMS na sensa mbili za joto, vyote kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Kompyuta inakuambia programu imetumia baiti 800 za RAM (memori ya kazi), asilimia 39, lakini baada ya masaa matano sita kifaa kinaganda au kinajiwasha upya. Fundi amekushauri utupe Uno ununue ESP32, bodi yenye memori kubwa zaidi. Subiri kwanza. Ugonjwa huo nimeuguza mwenyewe hapa Moshi, na ulitugharimu trei nne za mayai.

Hiyo asilimia 39 ndiyo iliyonipoteza hata mimi. Chipu ya Uno, ATmega328P, ina flashi ya kilobaiti 32 inakokaa programu, na RAM ya baiti 2,048 tu inakofanyika kazi. Toa 800, zinabaki 1,248. Zinaonekana nyingi. Lakini kioo chako kinataka picha nzima ikae kwenye RAM kabla ya kuchorwa: 128 mara 64 ni nukta 8,192, kila baiti inabeba nukta 8, kwa hiyo ni baiti 1,024. Laibrari (programu iliyoandikwa tayari) inayotumiwa na wengi kwa kioo hicho huziomba baiti hizo kifaa kikishawaka. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yako kuwa programu ya chipu, haizioni, kwa hiyo haizihesabu. 1,248 toa 1,024 ni 224, na hizo ndizo ulizonazo kweli.

Sasa tazama 224 zinavyoliwa. Steki, sehemu ya kazi za muda, inaanzia juu ya RAM na kushuka kila fanksheni (kipande cha programu) inapoitwa. Hipu, sehemu ya memori ya kuombwa, inaanzia chini na kupanda kila programu inapoomba memori. Katikati hakuna ukuta wala mlinzi. Chipu hii haina kitu cha kusema "umevuka mpaka". Ndani ya fanksheni yako ya kutuma SMS ukiandika `char ujumbe[161];`, yaani herufi 160 na sifuri ya kufungia, 224 zinakuwa 63. Halafu unaita snprintf, fanksheni ya kupanga maandishi, nayo inaita wenzake, kila mmoja anaweka anwani ya kurudia na rejista zake. Taima ikigonga katikati ya hapo, nayo inataka nafasi yake. Steki inashuka mpaka inaingia kwenye picha ya kioo.

Kwangu dalili ilikuwa ndogo sana. Kwenye kona ya chini kulia ya kioo zilitokea nukta kama vumbi, zikafutika, zikarudi. Nikadhani ni waya umelegea. Kumbe mwisho wa picha ndio ulio juu kabisa kwenye hipu, na mwisho wa picha ni kona hiyohiyo. Steki ilikuwa inaacha nyayo zake pale na mimi naziona kwa macho bila kuzielewa. Mambo yakienda kinyume, programu ikasafisha kioo wakati steki imeshaingia humo, anwani ya kurudia inageuka sifuri, na chipu ikirudi kwenye sifuri inaanza programu upya. Ndiyo kule kujiwasha kwako kusikoeleweka.

Mashine ilikuwa ya mama mkubwa anayekaa Pasua, mayai 120 ya kienyeji. Siku ya 11 alfajiri akanipigia: "Mwanangu, mbona namba za kioo hazisogei tangu usiku?" Kioo kilionyesha 37.6, joto zuri tu. Lakini programu ilikuwa imeganda wakati relei (swichi) ya hita imewashwa na inapitisha umeme, na pini ikibaki juu inabaki juu. Nilipofungua mlango hewa ilinichoma uso. Tulipima mayai kwa tochi moja moja, na hakuna hata moja lililokuwa na uhai. Kwa hiyo, mkuu, kabla ya yote: weka thermostati ya kawaida ya chuma, mfululizo na waya wa hita, ikate umeme joto likizidi bila kuiuliza programu.

Tuje kwenye tiba. Iliyonipa nafuu kubwa ni kubadilisha laibrari ya kioo. Nilihamia U8g2 kwa namna ya kurasa: inachora kioo vipande 8, kipande kimoja kimoja, na inashika baiti 128 badala ya 1,024. Kuchora kunachelewa kidogo, lakini joto la mayai halibadiliki kwa sekunde. Pale pale nilirudishiwa karibu baiti 900.

La pili ni maneno. Ukiandika `Serial.print("Joto limezidi, fungua mlango")`, baiti 29 zinanakiliwa kutoka flashi kwenda RAM kifaa kinapowaka na zinakaa humo maisha yote. Zungushia `F()` na zinabaki kwenye flashi. Pitia kila mstari.

La tatu ni String, yaani maandishi yanayoomba memori zaidi kila yakirefuka, na hapa naomba unisikilize vizuri. Unasoma majibu ya moduli kwa kuongeza herufi moja moja kwenye String, na kila ikirefuka inaweza kuhamishwa na kuacha pengo nyuma. Fikiria stendi ya Moshi: nafasi za bajaji sita zilizotawanyika hazimpi Coaster mahali pa kuegesha, hata kama ukizijumlisha zinamtosha. Ndiyo maana kifaa kinafanya kazi asubuhi na kufa jioni. Tumia bafa moja (nafasi ya kuhifadhi herufi) ya ukubwa maalumu, itangaze juu kabisa nje ya fanksheni ili kompaila iihesabu, na kataa herufi zikijaa. ESP32 ina kilobaiti 520 za RAM, ni kweli, lakini String za namna hiyo zitaitoboa nayo; itachukua muda mrefu zaidi tu, pengine siku ya 18 badala ya ya 11.

Angalia pia umeme wa SIM800L. Inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mikupuo, na kifaa kikizima hasa wakati inapotafuta mtandao au kutuma, tatizo linaweza kuwa chanzo cha umeme wala si memori.

Mwisho, pima. Kioo kikishawashwa, jaza RAM yote iliyo wazi kati ya hipu na steki kwa baiti ya namna moja, mimi hutumia namba 0xAA. Iache mashine ifanye kazi siku nzima, itume SMS, ipandishe joto mpaka kengele ilie. Kisha hesabu 0xAA ngapi hazijaguswa. Ni kama mstari wa tope unaobaki kwenye ukingo wa mfongo (mfereji wa kumwagilia) baada ya mvua: unakuonyesha maji yalifika wapi hata kama hukuwepo. Mimi siweki mayai mpaka zibaki angalau 300. Fanya hivyo leo kwa programu yako ilivyo sasa, kabla hujabadilisha chochote, uweke namba uliyoipata hapa pamoja na fanksheni yako ya SMS.