Kabla ya kulaumu enkoda, kagua reli

Kitoroli cha reli kikisimama sentimita mbili nje ya kituo, fundi mgeni hukimbilia programu. Hubadilisha namba, kitoroli kikasimama sawa, kisha baada ya siku chache kosa likarudi. Kabla ya kugusa namba yoyote, shika rula ndefu ya chuma na leveli, utembee kwenye reli kutoka mwanzo hadi mwisho. Makosa mengi yanayosingiziwa vihisi huanzia chini ya gurudumu.

Tuanze na enkoda, kihisi kinachotoa mapigo ya umeme kadiri gurudumu linavyozunguka, maana ndiyo utakayoikuta kwenye vitoroli vingi. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 200 hutembea milimita 628.3 kwa mzunguko mmoja. Enkoda ya mapigo 1024, kidhibiti (kompyuta ndogo inayoendesha kitoroli) kikihesabu kupanda na kushuka kwa mapigo ya njia zake zote mbili, hutoa hesabu 4096 kwa mzunguko: kama milimita 0.15 kwa kila hesabu. Namba hiyo inapendeza, lakini usiitegemee peke yake. Gurudumu likilika hadi milimita 199, kila mzunguko unapungukiwa milimita 3.14. Ni nusu asilimia tu, lakini katika safari ya mita 50 kitoroli kitasimama robo mita kabla ya kituo huku skrini ikionyesha kimefika. Gurudumu la poliurethani lina tatizo la ziada: hubonyea mzigo ukipanda, kwa hiyo kipimo ulichochukua kitoroli kikiwa kitupu hakitafaa kikijaa.

Kuteleza ni kubaya zaidi, kwa sababu hakuna hesabu ya kukutabiria. Enkoda iliyofungwa kwenye mota huhesabu mzunguko wa gurudumu hata kitoroli kisiposogea. Ifunge kwenye gurudumu dogo la kupimia, lisilo na mota wala breki, likandamizwe kwenye reli na springi. Hata hapo weka alama za kusahihisha njiani: kibati cha chuma kando ya reli na kihisi cha ukaribu, kinachowaka kikipita karibu na chuma, kwenye kitoroli, angalau kibati kimoja kwa kila kituo.

Urefu wa kibati usikadirie kwa macho. Kidhibiti kinachosoma vihisi kila milisekunde 10 hukiacha kitoroli chenye mwendo wa mita 2 kwa sekunde kisogee milimita 20 kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kibati cha milimita 15 kitapitwa leo, kesho kionekane, nawe utabadilisha kihisi kizima bila sababu. Weka cha milimita 60 au zaidi. Tumia chuma cha kawaida, kwani alumini huonwa na vihisi vingi vya aina hii kwa umbali mfupi zaidi. Ukihitaji usahihi, peleka waya wa kihisi kwenye ingizo la haraka linalonasa hesabu ya enkoda papo hapo, na usahihishe kwa ukingo uleule wa kibati, kitoroli kikitokea upande uleule. Sehemu kihisi kinapowakia na kinapozimia hazilingani.

Enkoda ya kuhesabu mapigo ina udhaifu mwingine: umeme ukikatika na mtu akakisukuma kitoroli kwa mkono, hesabu yote imepotea hadi kirudi kwenye alama ya mwanzo. Ndiyo maana wengi huchagua leza inayopima umbali hadi bamba la kuakisi, au utepe wa msimbopau unaosomwa kando ya njia, vinavyotoa mahali halisi mara umeme unaporudi. Leza hufaa njia iliyonyooka tu, tena iliyolazwa vizuri. Chukua kitoroli chenye mita 1 kati ya ekseli. Reli ikizama milimita 2 chini ya ekseli ya mbele, doa la leza lililo mita 100 mbele litashuka kama milimita 200, na huenda likakosa kabisa bamba hilo. Fundi ataisafisha leza na kubadilisha waya, kumbe dawa ni kibati cha kusawazishia chini ya reli.

Utepe wa msimbopau hufuata hata kona, mradi usipakwe mafuta na ubandikwe mahali pasipogongwa. Kumbuka tu kwamba chuma hutanuka. Reli ya mita 50, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka kama milimita 12 na utepe uliobandikwa juu yake huenda nayo, ilhali kituo kimefungwa sakafuni. Ikaze reli kabisa karibu na kituo kinachodai usahihi mkubwa, kwingineko iache iteleze ndani ya vishikizo.

Sasa reli yenyewe. Usiunganishe vipande kwa mkato wa mraba. Gurudumu hudumbukia kwenye nafasi ya kutanukia, hugonga, na kila pigo hulegeza bolti na kutikisa enkoda. Kata kwa nyuzi 45, ili sehemu moja ya gurudumu iwe bado imekalia chuma cha nyuma wakati nyingine inashika cha mbele. Weka tegemeo chini ya kiungio, sawazisha tofauti yoyote ya kimo kwa kusaga, na viungio vya reli mbili visikutane mahali pamoja.

Kitoroli cha magurudumu manne kwenye fremu ngumu ni kama meza kwenye sakafu mbovu: gurudumu moja huning'inia. Likiwa ndilo lenye mota, linateleza. Acha ekseli moja iweze kuinama kidogo. Magurudumu ya kuongoza yashike reli moja tu. Ukiongoza kwa zote mbili, kila badiliko la upana wa njia litakuwa breki. Kwenye kona ya nyuzi 90, reli zikiachana mita 1, ya nje ni ndefu kwa mita 1.57, kwa hiyo programu lazima ijue enkoda iko upande gani.

Kusimama pia kunahitaji nafasi. Kutoka mita 2 kwa sekunde, ukipunguza mwendo kwa mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde, unahitaji mita 4. Mita hizo ziwepo pia kabla ya bufa ya mwisho (kizuizi cha kukisimamisha kitoroli mwisho wa reli), zikilindwa na swichi isiyotegemea programu: kitoroli cha kilo 1000 hugonga kwa jouli 2000 katika mwendo huo, lakini kwa mita 0.5 kwa sekunde ni jouli 125 tu.

Mwisho, agiza kidhibiti kihifadhi kila sahihisho: alama ipi, milimita ngapi, kitoroli kitupu au kimejaa. Sahihisho likiongezeka polepole kwa alama zote, gurudumu linalika. Likirukaruka bila mpangilio, gurudumu linateleza au springi imechoka. Likitokea katika alama moja tu, chukua leveli uende ukapime reli kati ya alama hiyo na iliyotangulia.