Fildi ya leba: jibu kwa mwanafunzi wa ukunga anayeishia kushika tochi

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa mwisho, fildi inakaribia kuisha na masista bado wanakutuma maabara na kukujazisha rejista. Mtoto akikaribia kutoka, unasukumwa pembeni. Mimi ni mkunga wa hospitali ya wilaya na wanafunzi napokea kila msimu, kwa hiyo nakujibu kama mmoja wa hao masista.

Acha kwanza kuhangaika na sahihi za kitabu cha fildi. Najua chuo kinazidai. Ila wapo wanaokuja kitabu kimejaa, ukiwauliza "sasa tunafanyaje?" wanakutazama usoni. Wamedaka watoto, hawajawahi kuamua kitu.

Kwangu mwanafunzi anakabidhiwa mama mmoja tangu mapokezi, mama mwenyewe akiridhia. Anampima, anasikiliza mapigo ya mtoto, anachora patografu (ile chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu), halafu ananiambia mpango wake kabla sijafungua mdomo. Kuna mama wa mimba ya kwanza, njia ilikuwa imefunguka sentimita 6, saa nne baadaye bado 6. Binti wa fildi niliyekuwa naye akasema haraka, "Sista, tumwekee dripu ya uchungu." Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nikamwuliza: kibofu je? Uchungu unakuja mara ngapi ndani ya dakika 10? Kichwa kimeshuka kiasi gani? Akarudi, akaweka kiganja juu ya tumbo, macho kwenye saa, safari hii bila papara. Uchungu mara mbili tu, tena hafifu, na kibofu kimejaa. Akaja na mpango mwingine: mama akojoe, asimame, daktari ajulishwe sasa hivi. Huo ulikuwa mpango wake, si wangu. Na kumwita daktari mapema ni sehemu ya kujitegemea, wengi hawaelewi hilo.

Mtoto anapotoka, nasimama nyuma yako nimevaa glavu. Tunakubaliana mapema: nikisema "nipishe", unapisha, maswali baadaye. Kufokeana mbele ya mama hakuna. (Wapo wenzangu wanaofoka, na mwanafunzi wao hata kitasa cha mlango anakiomba ruhusa.)

Kuna mambo usiyoyasubiri kwa mama halisi: mtoto asiyepumua na damu inayomwagika. Oksitosini, sindano ya kuzuia mama asitokwe damu nyingi, yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka. Mtoto asiyelia akaushwe, achochewe, na kama hapumui apewe hewa kwa ambu, ule mfuko wa kupulizia hewa, ndani ya dakika hiyohiyo. Mikono inazoea kwa mdoli wa mazoezi. Hospitali ya Haydom, kule Manyara, waliona kwamba semina ya siku moja iliwafanya watumishi waweze kwenye mdoli lakini kule leba hali haikubadilika. Mambo yalibadilika walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini. Kwa hiyo msingoje chuo. Zamu ikitulia, shikeni mdoli na ambu, mmoja ashike saa.

Kesho fika kabla ya makabidhiano ya zamu. Mwombe sista mama mmoja, umwambie wazi, "Nitakueleza mpango wangu, nirekebishe." Wengi watakubali, maana umewapunguzia kazi. Wakigoma kabisa, mwone mkufunzi wako wa fildi wiki hii hii, maana kuhamishiwa kituo cha afya chenye wanafunzi wachache bado kunawezekana.