Kumkaribisha mgeni kwa Kikorea: neno "karibu" lilivyoniponza

Jioni yangu ya tatu kazini, mzee mmoja alimaliza bakuli lake, akalipa, akaniambia "kamsahamnida", yaani asante. Nami kwa moyo mkunjufu nikamjibu, "Oso oseyo!" Mzee akasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine bado mkononi. Akanitazama, kisha akamtazama mwenye mgahawa. Nilikuwa nimemwambia aingie, na yeye ndiyo kwanza anatoka.

Kosa lile nilitoka nalo nyumbani. Kwetu mtu akibisha hodi tunasema karibu. Chakula kikitengwa, karibu. Akishukuru, karibu. Akiondoka, karibu tena. Kikorea kazi hizo kimezigawa, na kila moja ina neno lake. Nakuomba ulishike hilo kabla hujakariri sentensi hata moja, iwe unakwenda Korea Kusini kusoma au unapokea wageni Wakorea hotelini Zanzibar au Arusha.

Mimi nilikuwa mwanafunzi Daejeon, jiji la Korea Kusini, nikapata kibali cha uhamiaji cha kufanya kazi za muda, nikaingia kwenye mgahawa mdogo wa kalguksu, tambi za ngano zinazokatwa kwa kisu. Mwenye mgahawa, ambaye sote tulimwita sajangnim, yaani bosi kwa heshima, hakunigombeza usiku ule. Alinisimamisha karibu na mlango tukaanza upya.

Mlango ukifunguka tu, unasema 어서 오세요 (oso oseyo). Neno kwa neno ni "njoo upesi", ila hakuna anayeharakishwa. Ni kama kusema pita ndani, tulikuwa tunakungoja. Usisubiri mpaka mgeni afike mezani. Hata kama umebeba sinia, sauti yako imfikie kabla hajaanza kuangaza macho atafute pa kukaa. Hizo "o" mbili za "oso" zitamke mdomo ukiwa umelegea, kati ya a na o. Vitabu vingi vitakufundisha pia 환영합니다 (hwanyong'hamnida). Hilo ni neno sahihi, lakini ni la mabango ya uwanja wa ndege na hotuba za ukumbini. Mtu aliyekuja kula tambi halimfai.

Kisha unauliza mko wangapi: 몇 분이세요? (myot buniseyo). Hapa sajangnim alikaa nami muda mrefu. Mimi nilizoea kuhesabu watu kwa "myong'", ambalo si tusi, lakini mgeni anahesabiwa kwa "bun", ndilo lenye heshima. Na heshima nyingine imo ndani ya kitenzi chenyewe, kile kisauti "si" kinachojificha kwenye "oseyo" na "kaseyo". Kwetu ukishasema shikamoo unaweza kuendelea na mazungumzo ya kawaida. Kikorea kinakudai heshima mpaka mwisho wa sentensi. Ila mpe mtu, usiipe kahawa. Utawasikia wahudumu wengi wakisema "keopi naosyossumnida", kana kwamba kahawa ni mheshimiwa aliyetoka jikoni. Wakorea wenyewe wanalilalamikia jambo hilo, kwa hiyo usiige.

Kamusi itakuambia "wewe" ni dangsin. Tafadhali usimwambie mteja. Hutumika baina ya mume na mke, au watu wakigombana barabarani. Mteja ni sonnim, neno hilohilo la mgeni, nami nililipenda kwa sababu hiyo. Wateja nao walimwita sajangnim wetu "imo", mama mdogo. Hilo halikunihitaji mwalimu.

Ukishukuriwa, jibu "ne, kamsahamnida", ndiyo, nashukuru mimi. Inatosha.

Kuagana ndiko kugumu zaidi. Anayeondoka anaambiwa 안녕히 가세요 (annyong'hi kaseyo), nenda salama. Anayebaki anaambiwa 안녕히 계세요 (annyong'hi gyeseyo), baki salama. Ukiwa mhudumu, wewe ndiye unayebaki, basi unasema kaseyo siku zote. Ile ng' ni ya ng'ombe kabisa, hapo sisi tuna bahati. Ongeza 또 오세요 (tto oseyo), uje tena, na hapo ndipo "karibu tena" yetu ilipokwenda kukaa.

Mikono nayo inasema. Kadi, chenji, risiti, vyote nilipokea na kutoa kwa mikono miwili, kichwa kikiinama kidogo. Bibi yangu alinifunza hivyo nikiwa mdogo, kwa hiyo mwili ulijua kabla ya ulimi.

Wakati wa Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, sajangnim alinialika kwake. Nilivua viatu mlangoni, akaniambia "deurooseyo", ingia. Meza haikuwa na nafasi hata ya kuweka kijiko: samaki, nyama, mboga za aina sijui ngapi, keki za mchele. Naye akasema 차린 건 없지만 많이 드세요 (charin gon opjiman mani deuseyo), sijaandaa kitu, lakini ule sana. Nilimsikia mama yangu waziwazi, "chakula chenyewe ni hikihiki, mwanangu, karibu". Kabla ya kula unajibu 잘 먹겠습니다 (chal mokgessumnida), nitakula vizuri, na ukishiba, 잘 먹었습니다 (chal mogossumnida), nimekula vizuri. Usile kimya.

Nilipoaga, alinisindikiza kwa ndala hadi kwenye lifti, akanitia mkononi mfuko wa keki za mchele. Milango ilipoanza kufunga niliinama nikamwambia, annyong'hi gyeseyo. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa anabaki.