Picha ya joto: upande mwekundu ndio uliokuwa mzima

Mara ya kwanza nilipopigwa picha ya joto ya matiti nilitoka moja kwa moja dukani Kikuubo. Saa saba mchana, jua la Kampala limekaa utosini, nimepanda bodaboda, nimekwea ngazi ghorofa mbili huku nikimalizia kikombe cha kahawa. Asubuhi yake nilikuwa nimebeba katoni za sabuni, bega la kushoto likaniuma, nikajipaka dawa ya kuchua, ile inayowasha, kuanzia begani hadi juu ya kifua. Hakuna aliyeniuliza habari za dawa wala za kahawa. Niliambiwa nivue, nikasimama, wakapiga, nikalipa.

Ripoti ikaja: upande wa kushoto una joto lisilo la kawaida. Kwenye picha, bega na titi la kushoto vilikuwa vyekundu kama pilipili iliyoiva; kulia kijani na bluu. Wiki nzima usingizi sikuuona.

Kamera yenyewe ni ndugu wa zile za uwanja wa ndege wa Entebbe tulizozizoea tangu hofu ya Ebola na korona. Inapokea joto linalotoka kwenye ngozi, yaani miale ya infraredi, na kulipaka rangi. Haikugusi, haikubani, haikupigi mionzi. Uwe mweusi tii au mweupe pe, kwake ni mamoja, kwa kuwa ngozi zote za binadamu hutoa miale hiyo karibu sawasawa. Ila haiingii ndani. Inachosoma ni ngozi, na ngozi ni kigeugeu: jua, sigara, pombe, kahawa, mazoezi, masaji, maji ya moto, vyote vinachezea damu inayopita chini yake. Dawa ya kuchua ndiyo usiseme. Kazi yake ni kuita damu ije pale pale!

Mara ya pili nilikwenda kwingine, na huko walinipigia simu siku mbili kabla kunieleza la kufanya. Jua kali nikalikwepa. Asubuhi yenyewe kifuani na makwapani sikupaka kitu, si losheni, si Vaselini, si poda, si deodoranti, wala sikunyoa. Kahawa niliiacha, nikaoga mapema kwa maji yasiyo ya moto, nikaomba miadi ya saa tatu kabla jua halijachachamaa. Rasta zangu nilizifunga juu, kwa sababu nywele zikilala shingoni huacha alama. Ukiwa na homa, ahirisha. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema mapema, maana matiti wakati huo huwa na joto zaidi na picha haitakuwa na maana.

Halafu kuna kule kungoja. Unavua nguo za juu na kukaa kama dakika 15 kwenye chumba cha baridi kiasi, mwili upoe. Nilikaa kwenye stuli katikati ya chumba, nisiegemee ukuta, mikono mbali na mwili, nimejawa vipele vya baridi kama kuku aliyenyonyolewa. Nikajisahau, nikakunja mikono kifuani. Nesi akanikemea kwa upole: "Nnyabo, usijikumbatie, utaanza upya." Alikuwa anangoja hata mstari wa sidiria ufifie mgongoni. Mahali pasipokungojesha hivyo, mimi singelipa.

Kwenye kusoma majibu, usitishwe na nyekundu. Rangi huchaguliwa na programu ya kompyuta; ukibadilisha kipimo, mwili ule ule unaweza kutoka wa njano au wa zambarau. Tazama ule mstari wa digrii pembeni ya picha, kisha uulize: kulia na kushoto vinapishana kwa digrii ngapi, na sababu inaweza kuwa nini? Wenye kisukari kwa mfano hupimwa joto la nyayo. Sehemu moja ikizidi mwenzake wa mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi au zaidi, siku mbili mfululizo, huchukuliwa kama onyo kwamba kidonda kinaweza kuja. Huo ni ulinganisho wenye kazi.

Yangu ya pili ilitoka sawasawa pande zote. Hatari ndogo, wakaandika. Nilifurahi hadi nikanunua roleksi mbili, zile chapati zetu zilizoviringishwa na mayai, njiani. Lakini titi la kulia lilikuwa na kauvimbe kama punje ya harage, nako ndiko kalikonipeleka kupima tangu mwanzo.

Wifi yangu ni muuguzi Jinja. Nilimtumia picha kwa simu, akanipigia papo hapo. "Wifi, hiyo kamera imekuonyesha ngozi. Uvimbe umeushika kwa vidole vyako mwenyewe, sasa rangi zikuambie haupo?" Akaniambia hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2019 kwamba picha ya joto haiwezi kushika nafasi ya mamografia, yaani eksirei ya matiti. Kwa umri wangu, akasema, nianze na altrasaundi.

Altrasaundi ilikaona mara moja, upande wa kulia, ule ule wa kijani na bluu. Wakachukua sampuli kwa sindano. Fibroadenoma, uvimbe usio wa saratani. Pesa za zile picha mbili zingetosha altrasaundi na chenji ingebaki, ndiyo inayoniuma zaidi.

Kwa hiyo ukiwa na uvimbe, ngozi ya titi imeingia ndani au chuchu inatoa damu, usipitie kwenye picha ya joto. Nenda kwa daktari; Mulago, hapa Kampala, tunayo Taasisi ya Saratani ya Uganda tangu 1967.

Picha ya kwanza bado iko kwenye droo ya duka. Kitindamimba wangu aliifumania juzi, akauliza kwa nini mama amepakwa pilipili begani. Nikamwambia kweli tupu: ni dawa ya kuchua.