Sufuri Mbili na Nukta ya Tatu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Mwalimu, swali la kuchora grafu ya mstari limenishinda mara ya tatu. Niache hesabu?" Usiache, mdogo wangu. Na mimi nilipita hapo.

Zamani kila mstari niliuchora kwa jedwali la nukta saba. Siku moja nikaitwa ubaoni kuchora 2x − 5y = 10. Nikaanza: x ikiwa 1, y ni −8/5; x ikiwa 2, y ni −6/5. Kila jibu ni sehemu! Mwalimu akanipokonya chaki, akafuta yote, akasema nawachelewesha wenzangu. Darasa likacheka. Miaka imepita, lakini nikiikumbuka siku ile uso bado hunichoma.

Jioni yake jirani yangu wa dawati akanielekeza. Mstari unapokata mhimili wa x, y ni 0. Unapokata mhimili wa y, x ni 0. Ukiweka y = 0, 2x = 10, unapata (5, 0). Ukiweka x = 0, −5y = 10, unapata (0, −2). Shika rula, unganisha. Nilikaribia kulia. Kumbe ni hivi tu, na hakuna aliyeniambia!

Kesho yake nikauchora mstari ule ule, nikakosa tena. Nilisahau alama ya kutoa, nikaweka (0, 2). Tangu hapo sichori bila nukta ya tatu ya kuhakiki. Kwenye 2x − 5y = 10, x = −5 inaleta y = −4, na mstari wangu ulikuwa unapita kwenye 4. Kosa likajianika lenyewe.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoutaka uhandisi, wekeni sufuri, kisha hakikini. Ukikutana na 2x − 3y = 0, sufuri zote mbili zitakurudisha (0, 0), basi tafuta nukta nyingine, mfano (3, 2). Na y = 5 haikati mhimili wa x kabisa; usihangaike kuitafuta. Acheni kukariri hatua msizozielewa! Hakikini, narudia, hakikini.

Yule msomaji nilimwomba picha ya daftari lake. Kwenye 3x + 4y = 12 alipata 4 na 3 sawasawa, ila akaziandika (0, 4) na (3, 0) badala ya (4, 0) na (0, 3). Nikamtumia 5x + 3y = 15. Jana usiku amenijibu: (3, 0), (0, 5), na ya kuhakiki (6, −5). Zote tatu zimelala kwenye mstari mmoja.