Jelifishi imelala chali, alafu mtu anawashwa bila kuigusa?

SWALI: Daktari habari, mimi niko South B. Desemba tulienda Watamu na familia, tukaingia maji pale Mida Creek kwa mikoko, tukaona vitu vya kahawia kama koliflawa vimekaa kwa matope vinafunguka na kujifunga. Kijana wa boti akasema ni jelifishi. Sasa mbona zimelala chali, zilikuwa zinakufa? Na hatukugusa hata moja lakini miguu iliwasha jioni yote.

JIBU: Salama dada. Hazikuwa zinakufa, hivo ndio huishi. Kwa vile umeeleza, hiyo karibu hakika ni Cassiopea, na aina ya huku kwetu Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu huitwa Cassiopea andromeda. Mwavuli wake, yaani ule mwili wa duara, ni bapa na kwa juu umebonyea katikati, so ikijigeuza unashika chini vizuri. Ile koliflawa ni mikono yake 8 yenye matawi matawi, na hapo ndio kuna vijidomo vingi vidogo, ju haina mdomo mmoja mkubwa katikati wala zile nyuzi za pembeni.

Inalala chali ju ya jua. Ndani ya nyama yake kunaishi mwani wa seli moja, ndio unaipa hiyo kahawia, unatengeneza chakula kwa mwangaza na kuigawia. Ndio maana utaipata kwa maji ya kina kifupi yametulia, mikoko ama nyasi bahari, si kwa mawimbi ya wazi. Hata ikiwa bado polipu, yaani ile hatua yake ya uchanga, imejishikilia kwa jani, haigeuki jelifishi mpaka ipate huo mwani, na hapo mimi hushangaa hadi leo. Kule kufunguka na kujifunga inasukuma maji yapite kwa mikono yalete planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, chakula cha kuongezea.

Sasa kuwashwa. Ikisumbuliwa, mkitembea pale mkikoroga maji, inamwaga ute, na kwa huo ute kuna vidonge vidogo sana vya seli zinazodunga, vinajisogeza vyenyewe bila mnyama. Vilielezwa 2020 kwa ndugu yake wa upande wa Florida, vikaitwa kasiosomu. Kwa hivyo jelifishi hamkugusa, mligusa ute. Wengi huwashwa tu ikaisha. Siku ingine suuza na maji ya bahari, usisugue na mchanga, na mtu akivimba uso ama ashindwe kupumua hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Na wale hupiga hizi vitu teke ati watoto waone zikigeuka, tafadhali, ndio mnamwagiwa ute wote.