Kuusoma Uislamu kwa elimu ya jamii chuoni: je, yafaa?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Mombasa. Tunafundishwa kwamba Uislamu ulitokana na biashara ya Makka na mivutano ya makabila yake, na kwenye mtihani tutatakiwa kuyaeleza hayo. Naihofia imani yangu. Niliwache somo hili?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Usiliwache.

Kuchunguza watu wanavyoishi na dini yao hakukuanza Ulaya. Msafiri Ibn Battuta alipofika hapa kwetu mwaka 1331 aliandika kuwa wenyeji ni Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, misikiti yao ni ya mbao, na mlangoni pana kisima. Mtu huosha miguu, akaipangusa kwenye mkeka mgumu, ndipo akaingia. Naye mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyekuja kuwa kadhi wa Kimaliki kule Misri, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika 1377 aliikataa habari kwamba jeshi la Nabii Musa lilifika watu 600,000 au zaidi. Alisema jeshi kubwa hivyo halipangiki uwanjani, na tangu Nabii Yaakub hadi Musa vizazi ni vichache mno kuzaa umma huo. Hakumkanusha Musa, alayhi salaam. Aliwakosoa wanahistoria.

Basi elimu ya jamii inaweza kukueleza kwa nini makabaila wa Kikureishi walimpinga Mtume (s.a.w.): mali, heshima ya koo, uongozi. Qur'ani yenyewe, katika Suratu Quraysh, inazitaja safari zao za siku za baridi na za joto. Lakini kama Jibrili alishuka pale kwenye pango la Hiraa au hakushuka, elimu hiyo haina chombo cha kupimia. Anayesema "kwa hivyo hapakuwa na wahyi (ufunuo)" ametoka kwenye fani yake, ameingia kwenye itikadi.

Na nadharia zenyewe hazijatulia. Montgomery Watt, mwanahistoria wa Uislamu aliyekuwa kasisi, mwaka 1953 alidai kuwa utajiri wa biashara ulivunja mshikamano wa makabila ya Makka. Mwaka 1987 mwanahistoria Patricia Crone akasema ushahidi wa biashara kubwa namna hiyo haupo. Wote wawili hawakuwa Waislamu, na hawakuafikiana.

Kwenye mtihani andika "Watt anasema", kisha mtaje aliyempinga. Maulamaa wameshasema kuwa mwenye kunukuu kauli ya kufuru hakufuru kwa kuinukuu.

Ninachokihofia mimi ni kijana kukutana na Watt kabla hajaisoma sira, yaani maisha ya Mtume (s.a.w.). Tafuta darasa msikitini, uisome sira pamoja na sababu za kuteremka aya, muhula huu huu. Wallahu aalam.